Televisheni ya Kolombia: Nani asemaye, nani asikilizaye?

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali, katika mfululizo wa mazungumzo juu ya vyombo vya habari katika nchi zinazoendelea.)



Nimeombwa nizungumze juu ya utangazaji wa televisheni katika Amerika ya Kusini. Bara lile ni kubwa, na mtu akijaribu kuzieleza nchi zake zote kwa muda wa saa moja atakuwa amezipita juu juu kama ndege. Kwa hiyo nimechagua nchi moja tu, nayo ni Kolombia. Sheria za nchi hiyo zinaitambua televisheni ya Taifa, televisheni ya kanda, na televisheni ya jumuiya. Mgawanyo huo, ukiusoma katika kitabu cha sheria, unapendeza. Yaani nchi nzima ina sauti moja, kila kanda ina yake, na mtaa au kijiji kinayo pia. Lakini sisi tunaoshughulika na utawala na elimu tunafahamu kwamba jambo likiandikwa katika sheria halijawa jambo lililotendeka. Hapana budi tuulize kama mgawanyo huu ni wa sauti, au ni wa minara na antena tu. Kituo hakiwi cha wananchi kwa sababu mnara wake umesimama kijijini. Kinakuwa chao pale wao wenyewe wanapoamua kipi kitangazwe, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani.

Yafaa kwanza tuiweke nchi yenyewe mbele ya macho yetu. Kolombia ina eneo linalozidi kilometa za mraba 1,100,000 na wakazi wapatao milioni 50. Milima ya Andes inapoingia katika nchi hiyo hugawanyika kuwa safu tatu, na katikati ya safu hizo yapo mabonde ya mito Magdalena na Cauca. Magharibi kuna pwani ya Pasifiki, kaskazini pwani ya Karibiani, kusini-mashariki msitu wa Amazon, na mbali baharini vipo visiwa vya San Andrés na Providencia, ambavyo wenyeji wake, Raizal, huzungumza Krioli yenye asili ya Kiingereza. Mkazi wa Bogotá, mji mkuu ulio kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, hafanani na mvuvi wa Karibiani kwa chakula, kwa muziki, wala kwa matamshi ya Kihispania chenyewe. Tena si mbali sana na bandari ya Cartagena kipo kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa, na lugha yao hadi leo ina maneno yenye asili ya Kikongo, jamaa wa mbali wa Kiswahili chetu. Katika nchi ya namna hiyo mtu akisema "televisheni ya Taifa" hana budi kuulizwa: ni Taifa la mlima upi?

Televisheni ilizinduliwa Kolombia tarehe 13 Juni 1954. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ilikuwa siku ya kutimiza mwaka mmoja tangu Jenerali Gustavo Rojas Pinilla atwae madaraka kwa nguvu za jeshi. Jenerali huyo alikuwa ameiona televisheni mjini Berlin mwaka 1936, akaitamani kwa nchi yake. Kazi aliikabidhi kwa kijana Fernando Gómez Agudelo, mkurugenzi wa redio ya Taifa. Mitambo ikanunuliwa Ujerumani, na mafundi wakaletwa kutoka Kuba. Mmoja wa mitambo ya kwanza ya kurushia matangazo uliwekwa katika mlima Nevado del Ruiz, mlima wa volkano wenye theluji kileleni. Nawaomba mlikumbuke jina hilo, maana litarudi. Siku nne kabla ya uzinduzi, tarehe 9 Juni, askari walikuwa wamewapiga risasi na kuwaua wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika barabara za Bogotá. Wenye seti za televisheni, nao wakati huo walikuwa wachache sana, hawakuonyeshwa mauaji hayo. Walimwona Rais akihutubia. Hivyo ndivyo ngazi ya kwanza ilivyozaliwa, kama kipaza sauti cha Ikulu.

Rojas Pinilla aliangushwa mwaka 1957. Vyama viwili vikubwa, Liberali na Konsavativu, vikapatana kupokezana urais na kugawana vyeo nusu kwa nusu kuanzia 1958 hadi 1974. Televisheni nayo ikaingizwa katika mgawo huo. Mwaka 1963 iliundwa taasisi ya umma iliyoitwa Inravisión, na mpango ukawa wa namna ya pekee ambao sijauona mahali pengine ukidumu muda mrefu hivyo. Serikali ilimiliki idhaa, studio na minara, lakini saa za matangazo zilikodishwa kwa zabuni kwa makampuni ya watu binafsi, ambayo yalitengeneza vipindi na kuuza matangazo ya biashara. Kila baada ya miaka michache zabuni ilitangazwa upya, na kampuni iliyokuwa haina marafiki serikalini ililala macho. Saa za taarifa ya habari zilitolewa kwa kupima mizani ya vyama na ya koo zao. Andrés Pastrana, mwana wa Rais mstaafu Misael Pastrana, aliendesha taarifa ya habari iliyoitwa TV Hoy, na mwaka 1998 yeye naye akawa Rais. Sisemi kwamba kila aliyesoma habari alikuwa mtumwa wa chama. Waandishi hodari walikuwapo, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao katika miaka ya vita vya wauza kokeni. Nasema tu kwamba mkulima wa Chocó hakuwa na mtu wake katika mizani ile.

Kwa walimu waliopo hapa, ningependa kugusa jambo la elimu, maana Kolombia ilikuwa na mfano mwema kabla hata ya televisheni. Mwaka 1947 padri mmoja, José Joaquín Salcedo, alianzisha redio ndogo katika kijiji cha Sutatenza, mkoani Boyacá. Wakulima walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao mbele ya redio, na msaidizi kutoka miongoni mwao aliandika ubaoni yale ambayo mwalimu aliyasema kutoka studio. Hivyo ndivyo maelfu ya watu wazima walivyojifunza kusoma. Redio hiyo ilikua ikasikika nchi nzima, na mwaka 1989 mitambo yake ikauzwa kwa kampuni kubwa ya biashara. Katika miaka ya 1960 televisheni nayo ilipelekwa katika shule za msingi, kwa msaada wa vijana wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani. Hapo mwalimu alikuwa mmoja, yuko Bogotá, na mwalimu wa darasani akageuzwa kuwa mtu wa kuwasha seti na kunyamazisha watoto. Tofauti ya mipango hii miwili yastahili kuangaliwa sana na mtu wa elimu. Katika mpango wa Sutatenza, yule msaidizi wa kijijini, aliyekuwa akijua kusoma kidogo tu kupita jirani zake, ndiye aliyekuwa mhimili wa kazi yote. Katika mpango wa televisheni mhimili ulikuwa mtambo.

Sasa nifike mwezi Novemba 1985, ambao kwa maoni yangu ndio mwezi ulioifichua televisheni ya Taifa ya Kolombia kuliko mwezi mwingine wowote.

Tarehe 6 Novemba wapiganaji wa kundi la M-19 waliliteka Jumba la Haki, makao ya Mahakama Kuu ya nchi, katikati ya Bogotá. Jeshi likajibu kwa vifaru. Rais wa Mahakama hiyo, Alfonso Reyes Echandía, akiwa ndani, alisikika redioni kwa njia ya simu akisihi kwamba risasi zisimamishwe. Waziri wa Mawasiliano akavitaka vyombo vya habari viache kutangaza moja kwa moja mambo ya namna hiyo, na jioni ile, wakati jumba likiwaka moto, televisheni ya Taifa ikaonyesha mchezo wa mpira wa miguu kati ya Millonarios na Unión Magdalena. Watu wapatao 100 walipoteza maisha katika siku mbili hizo, na miongoni mwao walikuwa majaji 11 wa Mahakama Kuu. Baadhi ya waliotolewa mle wakiwa hai hawakuonekana tena. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ililitia hatiani Taifa la Kolombia kwa ajili yao. Na hapa pana jambo la kulipima kwa haki: kamera za waandishi wa televisheni zilikuwapo nje ya jumba, na picha zilizopigwa siku ile, za watu wakitolewa wakiwa wazima, zilitumika miaka mingi baadaye kama ushahidi. Mtu wa kamera alifanya kazi yake. Aliyeshika swichi ndiye aliyeamua kwamba Taifa litazame mpira.

Wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 13 Novemba, Nevado del Ruiz ulilipuka. Theluji ikayeyuka, matope yakashuka mabondeni, na mji wa Armero ukafunikwa. Walikufa watu zaidi ya 20,000. Ramani ya wataalamu iliyoonyesha hatari hiyo ilikuwa imekwishachorwa mwezi uliotangulia, lakini onyo la kuuhama mji halikuwafikia watu kwa nguvu na kwa wakati. Kisha kamera zikaja. Dunia nzima ilimwona msichana wa miaka 13 aliyenaswa katika maji na vifusi, akizungumza kwa utulivu kwa muda wa siku tatu mpaka alipofariki. Picha yake ilifika Ulaya, ila pampu ya kuyatoa maji yale haikupatikana. Mlima uliobeba mmoja wa mitambo ya kwanza ya kulisemesha Taifa haukuwa na mtambo wa kuwasemesha watu waliokaa chini yake.

Ni katika mwaka huohuo, mnamo Agosti, ndipo televisheni ya kwanza ya kanda ilipoanza, nayo ni Teleantioquia ya mji wa Medellín. Serikali ya Rais Belisario Betancur ilikuwa imeziruhusu idhaa za namna hiyo kwa amri ya mwaka 1984. Mwaka 1986 ikafuata Telecaribe, ya mikoa saba ya pwani ya Karibiani, na matangazo yake ya mwanzo yalikuwa ya tamasha la muziki wa vallenato katika mji wa Valledupar. Mwaka 1988 ikaja Telepacífico ya Cali, na 1992 Telecafé ya nchi ya kahawa. Leo idhaa hizo za umma ni nane, pamoja na ile ya jiji la Bogotá na ile ya visiwa vya San Andrés.

Watu wa pwani ya Karibiani kwa miaka 30 walikuwa wamezoea kuiona televisheni ambamo mtangazaji ana lafudhi ya mlimani na mtu wa pwani huonekana kama mcheshi au mtumishi wa nyumbani. Mwenzao Gabriel García Márquez, mzaliwa wa Aracataca, alikuwa mjumbe wa ile Tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride, ambayo taarifa yake ya mwaka 1980 ililaumu mtindo wa habari kutiririka upande mmoja tu, kutoka mataifa makubwa kwenda kwetu. Nchi zetu zililishangilia neno hilo, na zilikuwa na haki. Lakini mto wa namna hiyohiyo unaweza kutiririka ndani ya nchi moja, kutoka mji mkuu kwenda mikoani, na anayelalamika huko Paris kwamba hasikilizwi akirudi nyumbani hawasikilizi wake. Idhaa za kanda zilianza kuurekebisha mto huo. Hata makampuni ya Bogotá yalitambua kwamba mikoa ina utajiri wa hadithi, na kwa miaka hiyo yakatoa tamthilia zenye sura ya mikoa: Caballo Viejo mwaka 1988, Azúcar juu ya mashamba ya miwa mwaka 1989, Escalona mwaka 1991, na Café con aroma de mujer mwaka 1994. Tamthilia za Amerika ya Kusini zimetazamwa sana hata Afrika ya Mashariki, na wasiozipenda wapo; mimi husema kwamba nyimbo na mashamba yaliyomo yametoka mikoani, lakini faida ilirudi mji mkuu.

Idhaa za kanda zina kasoro yake kubwa. Ni mali ya serikali za mikoa, na mkuu wa mkoa akibadilika, mara nyingi mkurugenzi wa idhaa naye hubadilika. Pwani ilipata lafudhi yake, ila mara nyingine lafudhi hiyo ilikuwa ya gavana.

Katiba mpya ya mwaka 1991 ilijaribu kuutibu ugonjwa huu. Ibara zake za 76 na 77 ziliagiza kwamba televisheni isimamiwe na chombo huru, kisichokuwa chini ya Serikali wala chini ya matajiri. Sheria Na. 182 ya mwaka 1995 ikaunda Tume ya Taifa ya Televisheni. Ilikuwa nia njema kabisa. Hata hivyo sheria iliyofuata, ya mwaka 1996, ilifungua njia ya idhaa za Taifa za watu binafsi, na Julai 1998 zikaanza mbili: Caracol, ya ukoo wa Santo Domingo, wenye kiwanda cha bia wakati huo, na RCN, ya Ardila Lülle, mwenye soda na viwanda vya sukari. Ule mpango wa kukodisha saa ukafa kwa njaa, maana mtangazaji wa bia hakuwa na sababu ya kulipa idhaa ya umma wakati ana idhaa yake. Makampuni madogo ya vipindi yakafilisika moja baada ya jingine. RCN ikatoa Yo soy Betty, la fea mwaka 1999, tamthilia iliyoigwa katika nchi nyingi, Marekani ikiwamo. Siwezi kusema kwamba mchezo ule ni mbaya. Ni mzuri, na unamchekesha tajiri kwa gharama yake mwenyewe. Lakini katika nchi yenye idhaa nyingi karatasini, macho ya wengi yalikuwa kwa wenye bia na wenye soda.

Ndugu Mwenyekiti, nafika sasa katika ngazi ya tatu, nayo ndiyo iliyonivuta niichague nchi hii.

Televisheni ya jumuiya ya Kolombia haikuanzishwa na serikali. Katika miaka ya 1980 wakazi wa mitaa mingi walichanga fedha, wakanunua dishi moja kubwa la setilaiti, wakaliweka juu ya paa la mmoja wao, na wakavuta nyaya nyumba hadi nyumba. Kwa kuwa idhaa nyingi zilizonaswa zilitoka Peru, watu waliyapa madishi hayo jina la utani la "perubólicas". Ilikuwa kinyume cha sheria, na kila mtu alijua. Ushirika ulikuwapo: mchango wa kila mwezi, mweka hazina, mkutano wa kulalamikia picha yenye chengachenga. Sauti ya mtaa ndiyo iliyokosekana, kwa kuwa watu walishirikiana ili watazame vipindi vya Lima.

Sheria ya mwaka 1995 iliwapa uhalali, kwa masharti: wawe chama kisichotafuta faida, wawe na mpaka wa idadi ya idhaa za kulipia, walipe haki za wenye vipindi, na watengeneze vipindi vyao vya mahali pale. Mamia ya vyama yakapewa leseni. Hapo mambo yakaachana njia mbili. Baadhi ya vyama vikawa biashara ya kebo iliyovaa kanzu ya jumuiya. Kipindi chao cha mtaani kilikuwa matangazo ya duka la mwenyekiti. Lakini vingine vilifanya kazi ambayo hakuna idhaa ya Taifa iliyoweza kuifanya, na mmoja wa mifano hiyo nautolea maelezo marefu kidogo.

Katika vilima vya Montes de María, kati ya mikoa ya Bolívar na Sucre, upo mji wa El Carmen de Bolívar. Mwaka 1994 wakazi kadhaa, akiwamo mwandishi wa habari Soraya Bayuelo, walianzisha kikundi cha mawasiliano wakakiita Línea 21. Walikuwa na idhaa ndogo ya kebo, na waliwafundisha watoto na vijana kushika kamera. Nchi ile ilikuwa katikati ya vita vya wapiganaji wa msituni, majeshi ya kukodiwa ya wenye mashamba, na jeshi la Serikali. Mwezi Februari 2000 majeshi hayo ya kukodiwa yaliingia katika kijiji cha El Salado, kilicho chini ya mji huohuo, wakaua watu wapatao 60 kwa siku kadhaa, na wakati wa mauaji walipiga ngoma za kijiji, zilizochukuliwa kutoka nyumba ya utamaduni. Ngoma ya watu ikafanywa chombo cha kuwatesa. Baada ya hapo usiku ulipoingia El Carmen, milango ilifungwa, na uwanja wa mji ukabaki mtupu.

Kile kikundi kilichofanya kinaweza kuonekana kidogo. Walichukua mashine ya kuonyeshea sinema, wakailenga ukutani katika uwanja wa mji, wakawaita watu watoke usiku kutazama filamu. Na watu wakatoka. Hapakuwa na hotuba ya kulaani upande wowote, maana hotuba ya namna hiyo ingeleta risasi siku ya pili. Kulikuwa na sinema tu, na jirani akakaa karibu na jirani ambaye kwa miezi alikuwa amemwogopa. Kisha wakaanza kuizungusha sinema hiyo katika vijiji vingine. Mwaka 2003 kikundi kilitunukiwa Tuzo ya Taifa ya Amani. Mtu aliyezoea kupima televisheni kwa idadi ya watazamaji atauliza walikuwa wangapi uwanjani. Nadhani swali linalofaa ni walitoka wapi na walipita katika giza gani.

Mfano wa pili ni mfupi. Katika mji mdogo wa Belén de los Andaquíes, mkoani Caquetá, pembezoni mwa msitu wa Amazon, Alirio González alianzisha shule ya watoto ya kutengeneza filamu fupi. Mkoa huo kwa Bogotá ulijulikana kwa mambo mawili tu, koka na waasi. Kanuni ya shule ile ni kwamba mtoto asiye na hadithi hapewi kamera. Aende kwanza akaitafute hadithi, nyumbani kwao, mtoni, kwa bibi yake. Akishaipata ndipo anapokabidhiwa chombo. Walimu mtaona kwamba kanuni hii imeugeuza ule mpango wa miaka ya 1960 juu chini. Kule kifaa kilitangulia, na mwalimu akatafutiwa mahali pa kusimama.

Ngazi hii inaishi kwa nini? Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ile Tume huru ya mwaka 1995 ilichafuka kwa siasa na kwa upendeleo wa wajumbe, Bunge likaiondoa katika Katiba mwaka 2011, na mwaka 2012 mahali pake pakachukuliwa na mamlaka nyingine ya televisheni. Hiyo nayo ikafutwa kwa Sheria Na. 1978 ya mwaka 2019, ambayo iliuunganisha mfuko wa televisheni ya umma na mfuko mmoja mkubwa wa habari na mawasiliano, chini ya Wizara. Waliotetea sheria hiyo walisema kwamba simu, intaneti na televisheni sasa ni kitu kimoja, kwa hiyo fedha ziwe katika kapu moja. Hoja hiyo ina maana kwa upande wa ufundi. Lakini kapu moja lina mkono mmoja unaoingia ndani, na idhaa ya San Andrés au ya Telecafé lazima iandike barua kwa mkono huo.

Namna mkono huo unavyoweza kutumika ilionekana kabla sheria yenyewe haijapita. Mwishoni mwa 2018 mtangazaji Santiago Rivas aliukosoa hadharani muswada huo. Alikuwa na kipindi maarufu, Los puros criollos, katika idhaa ya Taifa ya umma iliyo chini ya RTVC, shirika lililorithi kazi za Inravisión mwaka 2004. Kipindi kikaondolewa hewani. Januari 2019 ulitolewa mkanda wa sauti wa mkutano ambamo meneja wa RTVC alisikika akitafuta njia ya kukiondoa kwa sababu mtangazaji wake aliuma mkono unaomlisha. Meneja huyo akajiuzulu. Kipindi chenyewe kilihusu vitu vya kawaida vya Wakolombia, vya jikoni na vya barabarani. Kumbe hata sufuria linaweza kuwa hatari ikiwa mwenye kulisifu ana maoni yake.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya janga la korona, RTVC na Wizara ya Elimu walianzisha kipindi Profe en tu casa, maana yake "Mwalimu nyumbani kwako", na kwa mtoto wa mlimani asiye na intaneti mnara wa Taifa ulikuwa ndio shule iliyobaki. Bila ngazi ya kwanza hilo lisingewezekana. Kwa sababu hiyo siafiki wale wanaosema kwamba televisheni ya Taifa ifutwe na kila mtaa ujitangazie. Mtaa hauwezi kununua mnara wa kuvuka Andes, na kijiji kilichozungukwa na bunduki kinahitaji mtu mwingine, aliye mbali na penye nguvu, akitaje kwa jina. Wakati wa El Salado vituo vikubwa vilikuwapo, vina helikopta na magari. Kijiji kikafa kwa siku kadhaa bila Taifa kujua linalotendeka.

Kile kikundi cha El Carmen bado kipo. Mwaka 2019 kilizindua makumbusho ya kuhamahama iitwayo El Mochuelo, kwa jina la ndege mdogo mwimbaji wa vilima vile. Inafungwa, inasafirishwa, inafunguliwa tena katika mji mwingine, na ndani yake watu wa Montes de María huonekana na kusikika wakieleza wenyewe yaliyowapata. Fedha za kuisafirisha hutafutwa upya kila mara.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Niko tayari kupokea maswali, na ningefurahi zaidi yakianza na walimu.